Mkeka wa Tabasamu wa Molo

Muyeye,
S.L.P. 318 (kwa mkono wa Gerishom, Fundi Cherehani),
Malindi.

20 Septemba 1987

Mpendwa Kaka Karisa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wifi yangu Idah na watoto, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja kimekwisha kuondoka. Wifi ameniandikia kwamba siku hizi unalala na soksi, tena za sufu. Nilipomsomea Kalama habari hiyo alicheka hata akaweka kikombe chini. Mtoto wa Ganze, uliyekuwa ukilala uani bila shati, leo hupati usingizi bila soksi. Usinikasirikie. Najua baridi ya Eldoret si mchezo, na ningekuwa mimi ningevaa na kofia.

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Shemeji yako Kalama bado yuko jikoni pale hotelini, na mwaka huu wageni ni wengi, kwa hiyo nyumbani anakuja kulala tu na kulalamika kuhusu chumvi yangu. Mapenzi yuko darasa la nane na mtihani uko karibu. Amekuwa mkubwa wa kutosha kunijibu na si mkubwa wa kutosha kuosha sufuria bila kuambiwa. Mimi nimenenepa kidogo. Nalisema mwenyewe kabla hujaletewa habari na watu.

Mama ni mzima. Anakula vizuri, usingizi anaupata, goti linamsumbua asubuhi tu mpaka jua lipande, na ulimi wake haujapungua makali. Nilikuwa naye Ganze Jumapili iliyopita, kwa hiyo haya sikuambii kwa kusikia.

Barua yako ya Julai niliipata. Nimeisoma mara nyingi, pale unaposema umejenga chumba nyuma ya nyumba, umekipiga na chokaa, na kwamba Desemba utakuja umchukue Mama akae nawe moja kwa moja. Nimekawia kukujibu na najua umeudhika, maana wifi amenidokezea. Kaka, sikukawia kwa dharau. Mambo ya huku yalikuwa yakigeuka kila wiki, na kila nilipoketi kuandika, jibu la jana lilikuwa si jibu tena. Sasa yametulia. Nakuomba uisome barua yote mpaka mwisho kabla hujaenda kukata tikiti ya watu wawili.

Itabidi nianzie kwenye redio. Unajua kwamba mimi ni mwana salamu, nawe ulinicheka sana ulipokuja likizo, ukasema namtajirisha muuza stempu. Basi klabu yetu ya Muyeye bado ipo na imekua. Tunakutana kibandani kwa Gerishom, yule fundi cherehani Mtaita aliyekushonea suruali ikakubana. Yeye ndiye mwenyekiti. Tunanunua kadi za salamu, tunaandika nani anamsalimu nani na ujumbe wake, tunazituma Nairobi, halafu tunangoja kipindi cha mchana tumsikie mtangazaji akitusoma. Siku jina lako likisomwa, Muyeye yote inakuita kwa jina hilo hadi jioni.

Na majina yenyewe si yale tuliyopewa na wazazi. Gerishom kwenye redio ni Fundi Asiyechoka, ingawa mimi nimemkuta amelala juu ya cherehani mara nyingi tu. Mimi ni Dada Mcheshi wa Muyeye. Kuna Simba wa Nyika huko Voi, kuna Hakimu wa Kitale, kuna Tabasamu wa Molo. Ukishakuwa na jina la redio, hakuna anayekuuliza lile la kwenye kitambulisho. Kuuliza ni ukosefu wa adabu mkubwa katika klabu. Gerishom husema jina la redio halina kabila wala cheo, na kwamba mtu akishakwambia jina la babake umeshajua umpe kiti gani. Mimi naona anasema kweli. Nina marafiki wa miaka ambao sijui ni Waluo au ni Wameru, na sijawahi kupungukiwa na kitu kwa kutojua.

Mwaka jana Gerishom alivunjika mguu. Habari zilipofika redioni, wana salamu wa mbali walichanga nauli wakaja kumwona. Miongoni mwao alikuwa huyo Tabasamu wa Molo, mama wa makamo, mnene kunishinda, aliyesafiri na gunia zima la viazi kama zawadi ya mgonjwa. Viti havikutosha, basi nikakimbia nyumbani nikaleta ule mkeka mwekundu alioniletea Mama nilipojifungua Mapenzi. Wageni wakauketia siku ile yote. Jioni Tabasamu akakataa kuinuka. Alipapasa ukili mmoja mmoja uliosukwa na kushonwa, akageuza upande wa chini aone mafundo yamefichwa wapi, akaniuliza ni nani mwenye mikono hiyo. Nikamwambia ni mama yangu, yuko Ganze. Kalama akanipa jicho la kunionya, lakini nilikuwa nimeshaukunja na kumpa. Mtu amekuja na gunia la viazi kutoka Molo, utamrudisha mikono mitupu?

Wiki chache baadaye tukamsikia mtangazaji akisoma kadi yake. Alinisalimu mimi, akamsalimu Gerishom na mguu wake, kisha akamsalimu mama wa Dada Mcheshi aliyeko Ganze, akasema tangu ameanza kuketi juu ya mkeka wake, kiuno kilichomsumbua tangu uzazi kimemwacha. Mimi siamini kwamba mkeka unatibu kiuno, lakini nchi nzima ilisikia. Barua zikaanza kuingia kwenye sanduku la Gerishom. Huyu anataka mkeka wa sebuleni, huyu anataka kikapu cha sokoni chenye mikanda, huyu anataka kawa za kufunikia chakula.

Gerishom alifurahi halafu akaogopa. Kipindi cha salamu hakiruhusu matangazo ya biashara, na mtangazaji amewahi kufungia klabu nzima kwa sababu ya mtu mmoja aliyetaja duka lake. Kwa hiyo akaweka sheria. Mwana salamu aliyepata kazi ya Mama anaweza kumsalimu na kumshukuru, aseme ameketi wapi na amejisikiaje, lakini asitaje bei wala asimwambie mtu anunue. Kaka, hakuna tangazo linaloshinda hilo. Watu waliposikia kila wiki jinsi mwenzao anavyoketi raha mustarehe, wao wenyewe wakaanza kuona sakafu zao ni ngumu.

Mama tulimwambia yote. Kwanza alidhani ni utani wangu wa kawaida. Alipoona hawala za posta zinafika kweli, akamtuma mtu upande wa Magarini amletee miyaa ya kutosha ya kusukia mikeka, akatoa vile vyungu vyake vya rangi kutoka chini ya kitanda. Unakumbuka ile miaka ya ukame, majirani wote walipoanza kuchoma makaa na yeye akawa anaikodolea macho ile miti michache aliyoiacha Baba? Hakuikata. Mwaka huu, kwa pesa za mikeka, amenunua punda. Punda huyo ndiye anayekwenda silanga kuchota maji na ndiye anayebeba mahindi kutoka sokoni, na Mama anamsema na kumkaripia kutwa, kwa hiyo hata upweke umepungua. Akamlipa pia kijana wa Mzee Ngumbao akamwekea mabati mapya upande wa jikoni. Ulipoandika kwamba Mama anateseka peke yake, kaka, ulikuwa unamwona Mama wa miaka mitatu iliyopita. Sikulaumu. Mtu aliye mbali humwona mzazi vile alivyomwacha.

Barua yako nilimsomea mwenyewe, hapo Julai. Aliuliza kama chumba kina dirisha. Nikamwambia hukuandika. Akaniambia nikujibu kwamba anashukuru lakini hahami, kwa sababu ana kazi za watu mkononi. Ndilo jibu nililokuwa nataka kukuandikia. Kabla sijanunua hata bahasha, mambo yakaharibika.

Tabasamu wa Molo alikuwa anamwoza binti yake mwezi wa Agosti. Akaagiza mkeka mkubwa wa harusi, wa rangi mbili, bibi harusi aketi juu yake mbele ya wakwe zake. Pesa akazituma zote mapema kwa sababu anatuamini. Mama hakuwahi kushona mkeka mzuri kama ule. Rangi yake nyekundu ilikuwa nyekundu kweli, na ukingo aliufumua akaurudia kwa sababu haukumridhisha, ingawa mimi sikuona kasoro yoyote. Tukauleta Muyeye. Gerishom akaukunja ndani ya gunia, akalishona kwa shazia pande zote, kisha akachukua rangi nyeusi na brashi akaandika kwa herufi kubwa nzuri sana: TABASAMU WA MOLO. Sote tulisimama pale tukiusifu mwandiko. Hata mmoja wetu hakuona kosa. Kwenye ofisi ya mabasi tukaandikisha jina hilohilo, tukapewa risiti, nikamtumia mwenyewe kwa posta, nikarudi nyumbani kupika.

Tabasamu akaenda ofisi ya mabasi ya kwao na risiti yake. Karani akamwomba kitambulisho. Kitambulisho kinasema Wanjira, na jina la mumewe linafuata. Karani akamuuliza Tabasamu ni nani. Akasema ni mimi. Karani akamwambia alete karatasi ya serikali inayosema hivyo. Akaleta majirani wakamtolea ushahidi, akaleta hata kadi za salamu. Karani alikuwa mgeni pale, hasikilizi kipindi chetu, na sheria ya ofisi inamkataza kutoa mzigo kwa jina lisilo kwenye kitambulisho. Simlaumu. Ningekuwa mimi ningemkatalia pia, mtu anayejiita Tabasamu huku amenuna.

Ila sisi hayo hatukuyajua. Barua yake ya kutueleza ilikuwa njiani bado, na huku harusi inakaribia. Na Molo wana klabu yao, na maneno hayana nauli. Siku moja nikiwa nachambua mchele, nikamsikia mtangazaji akisoma kadi ya Hakimu wa Kitale. Aliwasalimu watu wake, halafu ujumbe wake ukasema wana salamu wawe macho, kuna mikeka ya pwani inayolipiwa na haifiki. Hakutaja jina. Hakuhitaji kutaja. Nani mwingine wa pwani anayepelekea watu mikeka? Mtangazaji naye akaongeza kwamba hiki ni kipindi cha salamu, si soko. Mchele wote niliumwaga chini, kaka. Nililia mpaka Mapenzi akaenda kumwita Gerishom.

Kama ningekuwa nimeumizwa mimi tu, ningenyamaza. Mimi nimeshazoea kusemwa. Lakini jirani wa Mama ana redio, naye ni yule Dama unayemjua, ambaye habari mbaya hazilali kwake. Alimwendea Mama jioni ileile kumpa pole.

Nilipanda Ganze Jumamosi. Nilimkuta ameketi mlangoni, mikono mitupu, kitu ambacho sijakiona tangu nizaliwe. Miyaa ameifunga mafungu na kuitundika juu darini. Ukili aliokuwa akiusuka umekatwa katikati. Vyungu vya rangi amevirudisha chini ya kitanda. Hakunilaumu, wala hakutaka nimweleze. Nilipomaliza kusema, aliniambia hivi: “Mwandikie Karisa aje. Sina cha kufanya hapa ila kuitwa mwizi redioni, na mwanangu ana chumba.”

Kaka, nakuambia kweli, neno hilo lilinikata. Si kwamba sitaki awe kwako. Najua Idah atamtunza kuliko hata mimi, na sitaki ufikiri ninakunyang'anya mzazi. Lakini sikutaka aje kwako namna ile, kama mtu aliyefukuzwa kwao. Angekaa katika chumba chako kizuri akitazama ukuta, na wewe ungefikiri ni goti linalomuuma.

Nilishuka Muyeye Jumatatu nikiwa nimekusudia kukuandikia uje umchukue, maana ndivyo alivyonituma. Nikapita kwa Gerishom kuchukua bahasha. Nikamkuta amesimama nje ya kibanda na barua ya Tabasamu mkononi, imefika asubuhi ile. Alikuwa ameisoma peke yake na uso umemshuka. Akanisomea. Kurasa mbili nzima za mwanzo ni pole na kuomba radhi kwa kutuambia jina lake, kana kwamba ametutukana. Ukurasa wa tatu ndio unaeleza kwamba mkeka uko ofisini, analiona gunia kupitia dirishani kila anapokwenda, na hawamruhusu kuligusa.

Tulitazamana na Gerishom. Yule mtu mzima akaketi chini juu ya vitambaa vya wateja akajipiga paji la uso. Mwandiko wake mzuri ndio uliotufikisha hapo. Halafu tukafunga kibanda, tukaenda mbio ofisi ya mabasi, yeye na ule mguu wake. Karani wa Malindi aliposikia kisa alicheka mpaka akaita wenzake waje kusikia. Lakini alikuwa mtu mwema. Aliandika barua ya kusahihisha jina, akaipiga mhuri, akamkabidhi dereva wa jioni mkononi. Gunia lilikatwa uzi asubuhi ya harusi yenyewe, wakwe wakiwa wameshafika kwenye lango.

Hayo niliyajua baadaye kwa barua, nikaenda kumwambia Mama. Alisema vizuri, binti wa watu ameketi. Miyaa haikushuka darini. Nilimwambia jina letu sasa limesafika, akaniuliza limesafikia wapi, maana Dama hakusikia lolote jipya, wala Hakimu wa Kitale hakusikia, na waliomsikia Hakimu ni nchi nzima. Hapo ndipo nilipokawia zaidi kukuandikia. Kila siku nilijiambia, ngoja nione.

Jumapili iliyopita nilikwenda tena, safari hii na redio yangu na betri nilizozianika juani siku mbili ili zipate nguvu. Sikwenda nikijua kitu. Nilitaka tu asikae kimya. Dama naye akaja, kama kawaida yake, akajifanya anaazima chumvi. Mama alikuwa ameiteremsha miyaa yake ili isiliwe na panya, imewekwa mkekani pembeni, nami nikajiketia bila kuangalia. Kipindi kikaanza. Salamu zikapita, nyimbo zikapita, mimi nimeshaanza kusinzia. Ghafla nikasikia mtangazaji anasema kadi inayofuata ni ya ajabu kidogo, kwa sababu ina jina la redio na la kitambulisho pia.

Haya ndiyo aliyosoma, nayaandika kama nilivyoyasikia: “Mimi ni Wanjira, ambaye nyote mnanijua kwa jina la Tabasamu wa Molo. Namsalimu Mama Sidi wa Ganze. Mkeka wako ulifika. Lililokuwa na makosa ni jina langu juu ya mzigo, si mikono yako. Binti yangu ameketi juu yake, na wakwe wameondoka na vyote viwili.”

Mtangazaji akacheka, hewani, mbele ya nchi nzima. Akasema kama kuna mtu atamwambia hiyo ni biashara, yeye atajibu kwamba ni harusi. Kisha akamtaja Mama tena yeye mwenyewe, kwa sauti ya heshima, Mama Sidi wa Ganze, akampigia wimbo.

Mimi machozi yalinitoka waziwazi. Dama akasahau chumvi. Mama aliitazama redio mpaka wimbo ukaisha, kama anayesubiri iongeze neno. Halafu akanigeukia mimi.

“Ondoka hapo,” akasema, “umekalia miyaa yangu.”

Nikaondoka. Akavuta fungu moja, akalinyunyizia maji, akaanza ukili mpya palepale. Dama alipoaga hakumsikia.

Mengine ni madogo. Sheria ya klabu sasa imebadilika kidogo: redioni kila mtu na jina lake la redio, lakini mizigo ni kwa jina la kitambulisho, linaandikwa ndani ya bahasha anayoifungua Gerishom peke yake. Naye amekula kiapo asimwambie mtu. Alishindwa na moja tu. Alinipenyezea kwamba Simba wa Nyika, yule anayetuma salamu za vitisho vya kiume, ni mwalimu mstaafu wa kike, tena mdogo wa umbo. Usimwambie mtu. Hakimu wa Kitale naye ametuma kadi ya kuomba radhi, kwa kweli radhi nzuri, na chini yake ameagiza kikapu. Mama amesema atamshonea, lakini awe wa mwisho.

Basi, kaka, ndiyo sababu ya kukawia kwangu, na ndilo ombi langu. Usimhamishe Mama. Najua watu wanakusema, kwamba Karisa ana kazi kiwandani na mamake anachota maji silanga. Waambie anayechota ni punda. Najua pia hukukijenga chumba kile kwa ajili ya maneno ya watu, ulikijenga kwa sababu unampenda, na ninapoandika haya moyo unaniuma nikikufikiria unavyokipiga chokaa baada ya zamu. Njoo Desemba kama ulivyopanga. Njoo na Idah na watoto. Ila nilipokuwa nikifikiria nikwambie nini juu ya chumba, Mama mwenyewe amenipa maneno, na alinikataza kuyachanganya na yangu. Yako hapo chini peke yake.

Kwanza nimalize salamu. Kalama anakusalimu na anasema ukija mletee yale majani ya chai, si ya dukani, yale yenyewe. Mapenzi anamsalimu wifi na anaomba umwombee mtihani. Gerishom anakusalimu na bado anasisitiza kwamba si suruali iliyokubana, ni wewe uliyenenepa. Nisalimie sana Mwambire mdogo, umwambie jina la babu yake ni zito asilichezee, na umbusu Sidi mdogo kwa niaba ya somo yake. Wifi yangu Idah mpe salamu zake peke yake, zisichanganywe na zako. Mungu awakinge na magonjwa ya baridi, aibariki kazi ya mikono yako, na atukutanishe sote tukiwa na meno yetu.

Haya sasa ni maneno ya Mama, kama alivyoyasema, na amenifanya nimsomee mara mbili nilipomaliza:

“Karisa mwanangu. Chumba nimekisikia na moyo wangu umefurahi. Usikipangishe mtu. Nipimie chini, urefu na upana, uniletee hesabu kwa barua. Usipime kwa futi. Pima kwa mkono wako, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mkono wako naujua, ni ule wa babako. Nitashona mkeka wa kukienea chumba chote, na Desemba nitakuja nao mwenyewe, nilale juu yake mpaka nianze kuwachosha. Kisha utanipandisha basi nirudi kupanda mahindi. Mkeka nitakuachia.”

Ni mimi ndugu yako wa tumbo moja, nikupendaye bila kupungua,

Mbeyu